Siku moja kwenye magofu ya kaskazini ya Qatar, na swali la mtoto kuhusu Seyyid Said

DOHA – Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Familia nne za Waswahili tulikuwa tumesimama kando ya basi dogo la kukodi, tunahesabiana: wazazi, watoto saba, na Bibi mmoja wa miaka 78. Wiki nzima Bibi huyu alikuwa akisema haendi, magoti yanamuuma. Asubuhi ile ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti, chupa ya chai mapajani, na miguuni kapu la mahamri na katlesi.

"Tunakwenda kuangalia mawe," alimwambia mjukuu wake wa miaka kumi na moja. "Mawe hata Unguja yapo. Lakini haya, twende."

Wengi wetu tunaoishi hapa tunaijua Qatar ya Corniche, Souq Waqif, Katara na maduka makubwa. Wakifunga skuli, mwenye uwezo huwapeleka watoto Misri wakapige picha mbele ya piramidi, au Uturuki. Si vibaya. Lakini mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka nyumbani kuna miji iliyolala chini ya mchanga, na ukizunguka humo siku nzima unaweza kukutana na watu wachache sana. Mimi mwenyewe nimekaa Doha miaka tisa kabla sijafika.

Kiongozi wetu alikuwa kijana aliyezaliwa Mombasa na kukulia hapa, ambaye huwatembeza wageni kwa Kiarabu na Kiingereza. Alituambia mapema kwamba hajawahi kuifanya safari hii kwa Kiswahili. "Nikikwama kwenye neno mnisaidie," akasema. Watoto wakaanza kumwita Ami kabla hata basi halijaondoka.

Jassasiya: bao juu ya jabali

Tulishika barabara ya Al Shamal, tukapita Umm Salal na Al Khor, na kituo cha kwanza kikawa Jassasiya, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Doha, upande wa mashariki karibu na bahari. Ukifika unaona vilima vifupi vya mawe ya chokaa, basi. Hakuna ukuta wala nguzo. Mmoja wa kina baba alianza kunung'unika kwamba tumeamshwa alfajiri kwa ajili ya mawe matupu.

Kiongozi akatuambia tuiname.

Chini pale, kwenye uso wa jabali, kuna michoro iliyochongwa, kwa mamia. Kundi la watafiti kutoka Denmark lilikuja kuihesabu na kuichora miaka ya 1973 na 1974, wakaandika karibu 900. Mingine ni mashua zilizochorwa kana kwamba unaziangalia kutoka juu, na makasia yametoka pande zote mbili kama miguu ya tandu. Mingine ni vishimo vidogo vilivyopangwa kwa duara kama ua. Na mingi ni vishimo vya mviringo katika safu mbili zinazokwenda sambamba.

"Bao!" alisema mjukuu wa Bibi.

Wapo wanaoamini hivyo, kwamba watu walikaa hapa wakicheza, pengine huku wakitazama vyombo vikirudi kutoka kwenye lulu. Waqatari wa zamani wana mchezo wa aina hiyo wanaouita haloosa. Wengine wanaona vishimo hivi vina maana nyingine, na hata umri wake wataalamu wanavutana, kwa sababu jabali halina tarehe. Kiongozi hakutaka kumaliza ubishi huo. Alisema tu kwamba bao letu la kete lina safu nne za mashimo manane, thelathini na mawili kwa jumla, na hili ni la safu mbili, kwa hivyo kama ni bao basi ni ndugu, si pacha.

Watoto walitaka kutia vijiwe wacheze. Akawakataza. Kila kidole kinachosugua pale kinafuta kidogo, alisema, na jua na chumvi tayari vinafuta vya kutosha.

Al Jumail: kijiji kilichoachwa

Kutoka hapo tulikwenda hadi ncha ya kaskazini, karibu na Al Ruwais, tukateremka Al Jumail. Hiki kilikuwa kijiji cha wavuvi na wazamia lulu. Kuta za nyumba bado zimesimama, zingine hadi kifuani na zingine zaidi, na katikati mnara wa msikiti umebaki peke yake ukitazama bahari. Maji yakipwa, unaona ufuko umeenda mbali, wa kijivu na wa matope, kama Jambiani au Chwaka maji yakitoka.

Hapa hapakupigwa mtu. Lulu ndiyo iliyokufa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wajapani waliingiza sokoni lulu zilizokuzwa kwenye chaza wa kufugwa, bei ikaanguka duniani, na vijiji vya Ghuba vilivyokuwa vikiishi kwa msimu mmoja wa kuzamia vikabaki na njaa. Oktoba 1938 kisima cha kwanza cha mafuta kikaanza kuchimbwa Dukhan. Miaka ilipokwenda, watu wakafuata kazi, maji ya bomba, hospitali na skuli. Waliondoka mmoja mmoja, familia kwa familia.

Bibi hakuteremka mara moja. Aliangalia kwa dirishani. Kisha akaomba mkono, akatembea taratibu hadi kwenye kizingiti cha nyumba moja, akasimama pale pale pa kuvulia viatu. Ndani kulikuwa na mchanga, kipande cha ukuta chenye kishubaka cha kuwekea taa, na vigae vya vyungu vimetapakaa.

"Huyu alikuwa na watoto wengi," akasema. Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha vyumba: kimoja cha zamani, viwili vimeongezwa baadaye, mawe yake hayafanani. "Mtu haongezi chumba kwa ajili ya kuku."

Mtoto mmoja aliokota kigae cha chungu, chekundu, kizuri, akakitia mfukoni. Mama yake akamrudisha akakiweke alipokitoa. Alilia kidogo. Tukamwambia akipige picha, picha haimpunguzii mtu.

Zubarah: mji chini ya mchanga

Saa sita hivi tulifika Zubarah, upande wa kaskazini magharibi, kama kilomita 100 na kitu kutoka Doha. Hapa ndipo wageni wachache wanaofika kaskazini huja, na wengi wao huishia kwenye ngome, wakapiga picha, wakageuza gari. Ngome ni nzuri, lakini ni mtoto wa juzi tu. Ilijengwa 1938 kwa amri ya Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani, ikawa kituo cha walinzi hadi miaka ya 1980, kisha ikatengenezwa na kufanywa makumbusho. Watoto waliambiwa watafute buruji lisilofanana na mengine. Walilipata haraka: matatu ni ya mviringo, la nne lina pembe.

Mji wenyewe uko mbele zaidi, kuelekea baharini. Ulianza kukua katikati ya karne ya 18, wafanyabiashara wa Utub walipokuja kutoka Kuwait. Ukawa mji wa lulu na biashara, wenye misikiti, soko, majumba ya ua katikati, na vibanda vya wavuvi. Upande wa bara walijenga ukuta wa nusu duara wenye urefu wa kiasi cha kilomita 2 na nusu na buruji 22. Maji ya kunywa hayakuwepo mjini, yalitoka kwenye visima vya bara, na ngome nyingine, Murair, ikajengwa kuvilinda. Mwaka 1783 Al Khalifa, watu wakubwa wa mji huu, waliiteka Bahrain, na wengi wakahamia huko.

Mwaka 2013 UNESCO iliuandika Zubarah kwenye orodha ya urithi wa dunia, wa kwanza kwa Qatar. Sababu moja ni kwamba mji ulifunikwa na mchanga wa jangwani na hakuna aliyejenga juu yake. Miji mingi ya lulu ya Ghuba leo iko chini ya barabara na maghorofa. Huu umelala mzima, na mpaka sasa ni sehemu ndogo tu iliyofukuliwa. Wachimbaji wamepata vyombo vya kichina, mawe ya kuzamia, na vyumba vya kukamulia tende. Vyumba hivi huitwa madbasa: sakafu ina mifereji midogo ya lipu, magunia ya tende yanarundikwa juu, na uzito wao wenyewe unatoa asali inayotiririka hadi kwenye mtungi. Kwenye ukuta wa nyumba moja walikuta mtu amechora jahazi kwa kukwaruza lipu. Labda mtoto, labda nahodha aliyekuwa amechoka kukaa nchi kavu.

Nahodha. Kiongozi alitukumbusha kwamba hapa pia ni nakhuda. Na lulu ni lu'lu'. Watoto ambao Kiarabu chao ni kizuri kuliko Kiswahili chao waliangaliana.

"Boriti hizi nnazijua"

Tulirudi ngomeni kutafuta kivuli. Ndani ya chumba kimoja Bibi aliinua kichwa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Boriti hizi nnazijua," akasema.

Kiongozi alicheka kwa furaha, maana hapo ndipo alipotaka kufika. Waarabu wa hapa huziita danshal. Ni miti ya mikoko. Ghuba haina miti mirefu ya kujengea, basi paa za nyumba na ngome nyingi za zamani zilifunikwa kwa miti iliyokatwa mbali, Lamu na Rufiji, ikaletwa kwa majahazi. Juu ya boriti inakuja mianzi iliyopasuliwa, juu yake mkeka, kisha udongo ulioshindiliwa.

Vyombo viliteremka na kaskazi vikibeba tende, samaki wakavu na chumvi, vikarudi na kusi vimejaa boriti. Mwisho wa 1938, mwaka uleule wa ngome hii, baharia Alan Villiers kutoka Australia alipanda jahazi la Kuwait pale Aden, akafika nalo Unguja na delta ya Rufiji, wakapakia boriti kwenye matope na mbu, wakarudi hadi Kuwait mwaka 1939. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo.

Kisha Bibi akamwambia mjukuu wake apime chumba kwa hatua. Urefu ulikuwa hatua nyingi. Upana, nne na kidogo.

"Kwa nini kimekuwa chembamba?" akauliza Bibi. Mtoto hakujua. "Kwa sababu boriti ndiyo inayoamua. Huwezi kuwa na chumba kipana kuliko mti wako. Nyumba yetu ya Malindi, Mji Mkongwe, ilikuwa hivihivi. Mama alikuwa akisema sisi tunalala ndani ya jahazi."

Nilikuwa nimeyasoma haya vitabuni. Sikuwahi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyelala chini yake.

Swali

Tulikula hapo nje, upande wa kivuli. Mahamri yalikwisha. Kiongozi akaanza kueleza jinsi Zubarah ilivyoanguka, na alikwenda polepole, nadhani alikuwa anatupima.

Mwaka 1809, alisema, nguvu ya dola ya Diriyah kutoka Najd ilifika Zubarah, na mwaka uliofuata ikafika Bahrain. Mtawala wa Muscat hakutaka jirani huyo kwenye bahari yake. Mwaka 1811 akatuma majeshi yake kwa vyombo. Zubarah ikapigwa na kuchomwa. Baadaye watu walirudi, wakajenga mji mdogo zaidi ndani ya ule wa zamani, wakavuta ukuta wa pili karibu. Haukupata tena ukubwa wake. Ukapigwa tena 1878, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukabaki mtupu.

"Mtawala gani wa Muscat?" akauliza yule mjukuu.

Kiongozi akamwangalia Bibi kwanza. "Said bin Sultan."

Lazima nieleze. Sebuleni kwa Bibi, Al Wakrah, kuna picha mbili ukutani: Beit el Ajaib, na Seyyid Said mwenye kilemba na jambia. Mtoto huyu amekua akiambiwa kwamba huyo ndiye aliyehamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, ndiye aliyesimamia mikarafuu ipandwe Unguja na Pemba, na alifariki 1856 chomboni akirudi Unguja, akazikwa huko. Kwake yeye Seyyid Said ni mtu wa nyumbani, mzee wa ndevu nyeupe.

"Seyyid Said wetu?" akasema. "Wetu wa karafuu? Kawachomea watu nyumba zao?"

Alizaliwa 1791, kiongozi akaongeza kwa sauti ya chini. Zubarah ilipoungua alikuwa kijana wa kama miaka ishirini. Unguja, karafuu, ndevu nyeupe, yote hayo yalikuwa bado.

Baba yake mtoto alijaribu kuokoa jahazi. Akasema zile zilikuwa siasa, kila mtawala alipigana, na wakati ule Zubarah ilikuwa mikononi mwa maadui wake. Ni kweli yote. Lakini mtoto hakuuliza hayo. Alikuwa anamtazama Bibi.

Bibi alifunga chupa ya chai, akaifunga vizuri.

"Kachoma," akasema. "Usimtafutie maneno. Kachoma, na ni wetu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo mwanawe, mtu mzima wa miaka hamsini, aliniambia baadaye hajawahi kumsikia akilisema mbele ya watoto. Mwaka 1964 alikuwa msichana pale Malindi. Watu waliingia nyumbani kwao. Waliondoka na sanduku moja la bati, na ufunguo wa mlango, ambao mamake aliuweka Muscat hadi alipokufa, na mlango wenyewe hawakuuona tena.

"Wale walioingia," akasema, "nao wana wajukuu leo. Na wajukuu wao wanauliza kama unavyouliza wewe. Mimi nngependa waambiwe kweli. Basi na wewe nakwambia kweli. Wakubwa wakipigana, mwenye chumba chembamba ndiye anayetoka na sanduku."

Hakuna aliyeongeza neno. Upepo wa pale ni mkali, unapeperusha mchanga kutoka baharini, na watoto wadogo walikuwa wanakimbizana wakizunguka buruji lenye pembe kana kwamba hakuna kitu.

Na waliozama ni kina nani?

Ningependa kusema siku iliishia hapo. Lakini mama mmoja wa Mombasa katika kundi letu, ambaye tangu asubuhi hakusema mengi, akauliza: "Lulu umetueleza, na wafanyabiashara umetueleza. Na waliozama ni kina nani?"

Kiongozi akajibu sawasawa. Wengi walikuwa Waarabu wa pwani hii, watu huru lakini wamefungwa na madeni ya nahodha, deni ambalo baba angeweza kumwachia mwanawe. Na wengine wengi, hasa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walikuwa watumwa walioletwa kutoka Afrika Mashariki au watoto wao. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akashuka na jiwe mguuni, akapandishwa na mwenzake anayeshika kamba, mara nyingi kwa siku, miezi ya joto yote. Aliyekuwa mtumwa, fungu lake la lulu lilikwenda kwa bwana wake. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952. Wapo watu hai waliozaliwa kabla ya hapo.

Hapa kina baba wawili walipingana. Mmoja alisema haya yangesubiri, watoto bado wadogo, na watu wenyewe sisi ni mchanganyiko, tutawachanganya tu. Mama wa Mombasa akamjibu kwa adabu, "Shemeji, tusipowaambia sisi watayakuta kwenye simu, na huko hakuna atakayewashika mkono." Yule akasema simu ataichukua. Watu wakacheka, lakini hawakukubaliana, na sitaandika hapa kwamba walikubaliana.

Majahazi yaliyoleta boriti na majahazi yaliyoleta watu yalifuata upepo mmoja. Familia zetu ziko pande zote za biashara hiyo, na nyumba nyingi zina pande zote ndani ya ukoo mmoja. Ukimwonyesha mtoto boriti kwa fahari, ukamfichia mzamiaji, umempa nusu. Na nusu hiyo siku moja ataijua kwa mwingine, na atakuuliza wewe ulikuwa wapi.

Hapa Doha mahali pa kuendelezea mazungumzo hayo pako. Msheireb, katikati ya mji, kuna nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yaliyofunguliwa 2015 yanayoeleza utumwa katika nchi za Ghuba na Bahari ya Hindi bila kuzungukazunguka. Wiki mbili baada ya safari yetu, familia tatu kati ya nne zilikwenda. Ya nne bado inafikiri, na hiyo ni haki yao.

Kurudi

Tulirudi magharibi ikikaribia. Tukasali Madinat ash Shamal, tukanunua chai ya karaki, na watoto wakalala hadi Umm Salal. Yule mjukuu hakulala. Alikuwa na daftari, anachora mpangilio wa chumba cha ngome: boriti moja moja, amezihesabu. Chini yake alikuwa ameandika kwa Kiswahili, na Kiswahili chake cha kuandika si kizuri, "chumba hiki miti yake ni ya kwetu".

Nilimuuliza Bibi kama picha ya Seyyid Said itabaki ukutani.

"Itabaki," akasema. "Kwa nini itoke? Sasa ndiyo nnaweza kumweleza vizuri."

Ukitaka kwenda na familia yako

Nenda kati ya Novemba na Machi. Kiangazi huko kaskazini hakuna kivuli, na joto si la watoto wala la wazee.

Siku moja inatosha kwa mzunguko wa Jassasiya, Al Jumail na Zubarah, ukitoka Doha alfajiri. Anza mashariki, panda hadi ncha ya kaskazini, kisha teremka magharibi. Jaza mafuta kabla hujaacha barabara kuu, na chukua maji zaidi ya unayodhani. Jassasiya na Al Jumail hakuna duka wala choo.

Hakikisha saa za kufunguliwa kwa ngome ya Zubarah kabla ya kuondoka, kwa kuwa hubadilika na msimu, na Ijumaa huwa tofauti. Sehemu iliyofukuliwa iko mbali kidogo na ngome, uliza hapo ngomeni jinsi ya kufika.

Viatu vya kufunika miguu, hata kwa kina mama. Mchanga wa pale una mawe makali. Kwa mzee asiyeweza kutembea sana, ngome ndiyo inayofaa, ina vivuli na pa kukaa.

Usiokote kitu, hata kigae. Usikanyage michoro ya Jassasiya wala kuikoleza kwa chaki ili picha itoke.

Kama una kiongozi anayejua Kiswahili, mwombe azungumze Kiswahili. Wetu alikwama kwenye maneno matatu tu siku nzima, na yote alisaidiwa na Bibi.

Safari ijayo, inshaallah, ni Murwab, kijiji cha zama za Abbasiya, karne ya 9, chenye mabaki ya ngome, misikiti miwili na nyumba zaidi ya 200. Bibi amesema haendi, magoti yanamuuma.